Kicheko cha Bi Sayyida

Mdomo ninao. Muulize yeyote aliyewahi kuoza binti hapa Muscat, atakwambia Jawaher binti Khalil hanyamazishiki. Nimegombana na madereva wa malori wa mtaa wa Ghala waliokuwa wakiziba mlango wa studio yangu. Nimegombana na mabibi harusi waliotaka niwapunguze unene kwenye picha. Nimegombana na baba yangu miaka minane kwa ajili ya mwanamume mmoja. Basi watu hawaniamini nikisema kwamba mwanamume huyo nilimkosa kwa kunyamaza.

Jina lake Maan, na nilimpenda kupitia ukuta wa mbao.

Studio yangu iko ghorofani, juu ya fundi wa viti vya magari. Ninahariri video za harusi, upande wa wanawake peke yake. Kwetu sisi, kwenye ukumbi wa wanawake simu huachwa mlangoni. Mpiga picha ni mwanamke, mhariri ni mwanamke, na kazi ikiisha kila kitu hutiwa kwenye diski moja anayokabidhiwa mama wa bibi harusi mkononi. Nakala yangu naifuta mbele yake. Mle ndani wanawake wamevua mabuibui, wamecheza, wamecheka vicheko ambavyo hata waume zao hawajawahi kuvisikia, na wote hao wananiamini mimi.

Nyuma ya ule ukuta, zamani, alikaa Maan akihariri upande wa wanaume. Harusi moja, nusu yake kwangu, nusu yake kwake. Alikuwa akinigongea.

"Kwako kukoje?"

"Kunawaka moto. Kwako?"

"Kwangu mzee mmoja anachokoa meno. Dakika ya nne hii."

Yule mzee wa meno ndiye aliyempeleka mbali. Maan alimkata vipande vipande, akampachika kila baada ya hotuba, na familia ile ilicheka mpaka ikamwita aonyeshe tena. Miaka minane iliyopita akaenda Hollywood. Alianzia chini kabisa, kazi yake kukaa nyuma ya ukumbi filamu ikijaribiwa kwa watazamaji, na kuandika ni wapi watu wamecheka na kwa sekunde ngapi. Miaka miwili aliandika vicheko vya watu. Kisha akawa msaidizi wa mhariri, kisha mhariri mwenyewe wa vichekesho vitatu, na katika hicho cha tatu, kilichotoka mwaka huu, jina lake limeandikwa pia kama mtayarishaji.

Baba hakuvutiwa. "Nimpe binti yangu mtu ambaye riziki yake mzaha?" alisema mara ya kwanza walipoleta posa. Mara ya pili alisema Amerika mbali. Mara ya tatu aliondoka akaenda kuswali. Lakini mwaka huu Maan aliporudi Muscat kwa likizo, Jumanne moja tukiwa tunakula, aliweka kijiko chini, akanitazama kama mtu anayenikagua mvi.

"Mwambie aje Ijumaa na wazee wake," alisema. "Sitaki nife nimekuweka."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nililia jikoni kama msichana wa kumi na sita.

*

Jumatano Maan alikuja studio. Mlango nikauacha wazi, kama inavyopasa, na kioo cha kompyuta nikakigeuza ukutani.

"Kaa hapo dirishani. Usinitazamie wateja wangu."

"Nnakutazama wewe."

"Na mimi pia usinitazame. Mpaka Ijumaa."

Akakaa, akawa anawatazama mafundi chini, lakini kila nikiinua macho nakuta yake yamenitangulia. Alikuwa ameota mvi chache juu ya masikio. Mikono yake ilikuwa ileile, mirefu, haitulii.

"Unajua kitu kigumu kupita vyote katika kichekesho?" aliniuliza.

"Kumpata mtu wa kucheka."

"Kuacha nafasi. Mtu akishasema la kuchekesha, humpi mwenzake maneno hapo hapo. Ukumbi unacheka, nani atamsikia? Unamwacha akae kimya, anatazama tu, mpaka watu watulie. Ukikata mapema umeua. Ukichelewa umeua."

"Na unajuaje kama imetosha?"

Hakunijibu. Alinitazama. Nikasubiri, naye akasubiri, na chini fundi alikuwa akigonga kitu, na mimi nikaanza kusikia moyo wangu mwenyewe.

"Nne," alisema mwishowe. "Nahesabu mpaka nne. Ikizidi hapo watu hudhani filamu imekwama."

Nilicheka. Ningejua ningecheka zaidi, maana ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka pamoja.

"Filamu yangu umeshaiona?" akauliza. "Imeanza kuonyeshwa hapa tangu Alhamisi iliyopita."

"Baba anichinje? Tutakwenda pamoja, tukishaoana."

"Mna kitu chako mle ndani."

"Kitu gani?"

"Utakisikia."

Hakusema utakiona, alisema utakisikia. Mtu ninayekula kwa kazi ya sauti na picha, neno hilo lilinipita hivihivi, nikaendelea kumfikiria jinsi atakavyokaa katika kanzu yake ya harusi.

*

Alhamisi baada ya adhuhuri alikuja Khalati Masouda, dada wa marehemu mama yangu. Khalati ana hodi zake zinazoanzia kwenye lifti. Siku hiyo hakupiga hodi. Aliingia na viatu mpaka katikati ya zulia, akasimama mbele ya baba.

"Khalil," alisema. "Sayyida yumo sinema."

Baba alivua miwani. "Sayyida gani?"

"Kwani wako wangapi? Dada yangu. Mkeo. Nimekwenda na wajukuu, nikasema ngoja nimkague huyo mkwe, nijue anachokifanya kabla hatujampa mtoto. Nimekaa kwenye kiza, nimemsikia dada yangu anacheka."

"Vicheko vinafanana, Masouda."

"Kile cha kukatika pumzi katikati? Halafu mwisho anasema 'ewe Mola wangu weye'? Mmarekani gani huyo wa kusema 'ewe Mola wangu weye'?" Akamsogelea baba. "Na wamemweka kilabuni, Khalil. Watu wamekaa na pombe mezani, na nyuma yao, humuoni, Sayyida wangu anacheka. Mtu ambaye hata siki alikuwa akiuliza kwanza kama ni halali."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la visheti. Nilijua pale pale. Miguu ilijua kabla ya kichwa.

Mama alifariki miaka minane iliyopita, miezi miwili baada ya hina ya binamu yangu Rawan. Hina ile niliirekodi mimi. Kuna dakika moja mle, mtu amemtania Mama kuhusu ndoa yake, naye anacheka mpaka anashika ukuta. Baada ya mazishi baba alinitaka ile diski, ambayo mama yake Rawan alikuwa hajaichukua, akaifunga kwenye kanga ya Mama, akaiweka kabatini. "Hii amana," aliniambia. "Isitoke." Hajawahi kuitazama. Kila mwaka nyumba ikipakwa rangi huihamisha yeye mwenyewe, kwa mikono miwili.

Ila kabla sijampa, nilikuwa nimeshatenda kosa langu. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma kwenye ile sauti, na mimi kusafisha sauti sikujaliwa. Maan alikuwa akijua. Nikatoa sauti peke yake, bila picha, nikampa kupitia mlango. Nilijiambia picha ndiyo haramu, sauti haina nywele wala shingo. "Isafishe, kisha uifute," nilimwambia. Akanisafishia, akanirudishia, na wiki tatu baadaye akapanda ndege.

Baba aliinuka, akaenda chumbani. Tulisikia kabati likifunguka. Alirudi ameishika ile kanga kifuani.

"Ipo," alisema. Kisha akanigeukia. "Haijatoka hii, Jawaher?"

"Haijatoka, Baba."

Na kweli diski haikutoka. Hivyo ndivyo nilivyosema uwongo bila kusema uwongo.

Baba akashusha pumzi, akakaa. "Alhamdulillahi. Nilikhofu ni wewe. Ingekuwa wewe, mwanangu, nisingejua nitasimama wapi." Akaitandaza kanga magotini, akaipapasa. "Kaichukua mwenyewe basi, mlipokuwa jirani. Mwite. Asisubiri Ijumaa."

*

Maan alikuja baada ya alasiri na bakuli la halua. Maskini, alidhani ameitiwa heri. Kanzu yake mpya, kofia imekaa sawa, amejifukiza udi. Alimwamkia baba kwa kuinama, akamwamkia Khalati, akaniona mimi nimekaa pembeni yake, akatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Birika la kahawa lilikuwepo. Hakuna aliyemimina. Hapo ndipo alipoanza kuelewa.

"Maan," baba alisema kwa upole. "Nna suala moja. Sauti ya mke wangu imo katika filamu yako?"

Rangi ilimtoka usoni. Akanitazama mara moja, haraka, kisha akatazama zulia.

"Imo, Ami."

"Umeipata wapi?"

Maan akainua kichwa, akakaa kimya.

Msomaji, mimi nilijua kimya kile ni cha nani. Hakuwa akitafuta jibu. Alikuwa ameniachia nafasi. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: nilimpa mimi. Mawili. Mimi ambaye nimemtoa dereva wa lori machozi. Nikahesabu moja, mbili. Nikamwona baba ameishika ile kanga. Tatu, nne. Nikamkumbuka akisema hatajua atasimama wapi. Tano. Nikawafikiria wanawake wote wa Muscat walioniachia vicheko vyao, na nini watasema. Sita, saba. Mdomo ulifunguka, haki ya Mungu ulifunguka, na hakikutoka kitu.

"Niliiiba," Maan alisema. "Tulipokuwa tukifanya kazi Ghala. Jawaher hakujua."

Khalati akashika shavu. "Na huoni haya kulisema?"

"Naona, Khalati."

"Ni filamu hii tu?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua. "Zote tatu," alisema.

Baba alifumba macho. "Kwa nini, mwanangu? Nakuuliza ili nijue tu. Huko Amerika hakuna wanaocheka?"

"Wapo, Ami. Miaka miwili niliwaandika, sekunde kwa sekunde. Nilikuwa nikirudi chumbani sina mtu wa kusema naye. Nikawa naifungua hiyo, nasikiliza. Bi Sayyida anacheka kabla mzaha haujesha, kama mtu aliyeujua tangu jana. Nikiisikia najiona niko nyumbani kwenu, nimeshakubaliwa. Filamu ya kwanza niliyopewa, nilitaka niwe nayo mle. Nilidhani ni heshima. Nilijua mimi tu na Jawaher ndio tutakaomjua. Pale kilabuni sikupaona. Kwetu sisi wahariri sauti ni sauti, unaiweka inapohitajika. Kama ni mahali pa pombe, wallahi halikunipitia akilini mpaka leo mnaponitazama hivi."

"Itoe," Khalati alisema. Alikuwa akilia sasa, waziwazi. "Mtoe dada yangu mle."

"Haitoki, Khalati. Imeshakwenda. Iko kila nchi."

Baba akaikunja ile kanga, pembe kwa pembe, kama Mama alivyokuwa akizikunja.

"Mimi sijaisikia sauti ile miaka minane," alisema. "Nilikuwa najiwekea. Nilikuwa najiambia, siku nitakayozidiwa kabisa, ndiyo nitaifungua. Kumbe kila mtu anayo isipokuwa mimi."

"Ami, naomba radhi."

"Radhi nnakupa, kwa ajili ya Mungu, na moyoni sina kitu juu yako. Binti sikupi."

Hakupandisha sauti. Angelipandisha ningepata pa kushikia, maana ugomvi nauweza.

"Jawaher," akasema, "mrudishie mwenzio halua yake."

*

Kwetu halua ikirudi, na mlango wa posa umefungwa. Nilimfuata mpaka kwenye lifti na bakuli mikononi, na hatukutazamana.

"Narudi ndani," nilimwambia. "Namwambia sasa hivi."

"Usirudi."

"Niache, Maan. Ni mimi niliyekupa."

"Nilikuachia nafasi kule, Jawaher. Nimehesabu mpaka kumi. Katika kazi yangu haijapata kufika kumi." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayenipa habari za msiba, polepole, nisianguke. "Ukimwambia sasa ataniona mwizi ambaye pia mwongo, na wewe umemtazama usoni ukanyamaza. Atakuwa amepoteza mke na binti siku moja. Kwangu mimi ameshafunga. Mwache abaki na wewe."

"Na mimi nibaki na nani?"

Lifti ilifika. Ndani alikuwemo jirani na mifuko ya dukani, akitusubiri kwa adabu. Maan akaipokea halua. Vidole vyake viligusa vyangu chini ya bakuli, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, na ilikuwa ni kwa kurudishiana kitu.

"Nilisema uifute," nilimwambia, sijui kwa nini, labda nilitaka na yeye awe na kosa lake.

"Nilijaribu," alisema. "Kila nikitaka kuifuta, anacheka."

Akaingia. Jirani akauliza ghorofa gani. Nilimsikia akijibu chini, chini kabisa, kisha milango ikakutana.

Jumamosi akapanda ndege. Hakuniandikia na mimi sikumwandikia. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimempakata tangu siku ile, hana dalili ya kukua aende zake. Baba ananipenda kuliko zamani. Anamwambia kila mgeni kwamba binti yake ni mwaminifu, kwamba kitu cha watu kikiwa mkononi mwake hakipotei. Mimi nakaribisha wageni kahawa.

Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana, nilikwenda sinema peke yangu. Tulikuwa watu tisa. Nilikaa nyuma kabisa, kama alivyokuwa akikaa yeye miaka ile Hollywood akiandika vicheko vya watu. Filamu yenyewe nzuri, inachekesha, watu walicheka pale alipotaka wacheke. Kisha wale waigizaji wakaingia kilabuni, wakakaa mezani, mmoja akasema neno la kipuuzi kuhusu ndoa yake.

Na nyuma yao, kwenye kiza, Mama akacheka.

Alicheka kabla mzaha haujesha. Pumzi ikamkatika pale pale inapokatika, akaivuta, akaendelea, akasema ewe Mola wangu weye. Maan alikuwa ameisafisha vizuri, kiyoyozi hakisikiki kabisa. Kisha nikaona alichokifanya. Waigizaji walinyamaza. Nilihesabu nne, ikapita. Tano, sita. Hakumpa mtu yeyote neno juu ya kicheko cha mama yangu. Amewakalisha watu maarufu mezani, wanatazama bilauri zao, mpaka Bi Sayyida amalize pumzi yake ya mwisho. Mtu mmoja upande wa pili wa ukumbi akamuuliza mwenzake kwa Kiarabu kama filamu imekwama.

"Nilimpa mimi," nilisema. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wanane nisiowajua. "Mama, nilimpa mimi."

Msichana wa kiti cha mbele akageuka, akaniwekea kidole mdomoni mwake.

Nikanyamaza.